Kishikwambi kimoja, wanafunzi sabini: nianzie wapi kufundisha kemia?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha kemia katika shule ya kata huku Sengerema, karibu na ziwa. Kidato cha tatu nina wanafunzi zaidi ya sabini. Maabara ipo, ila vifaa havitoshi. Nina kishikwambi nilichogawiwa, simu yangu, na projekta moja ya shule tunayopokezana na wenzangu. Intaneti ni bando langu mwenyewe. Mkuu wa shule anatuhimiza tutumie TEHAMA, nami nimeanza kuwaonyesha video za majaribio ya kemia. Wanazifurahia sana, lakini nikiwapa mtihani wa mada matokeo ni yale yale. Nakosea wapi, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nimefurahi kwamba uliziangalia karatasi za mtihani na hukuridhika na furaha ya darasani, maana wengi wetu huishia hapo kwenye furaha.

Nikisoma maelezo yako naona video inaingia mapema mno. Mwanafunzi anaonyeshwa jibu kabla hajawa na swali. Anaona rangi zikibadilika, moshi ukipanda, mtu wa ng'ambo akiongea Kiingereza cha haraka, halafu kengele inalia. Muda wote huo hakutakiwa kuamua chochote. Ushauri wangu wote unatokana na jambo moja: kitu halisi kitangulie, kioo (yaani skrini) kifuate, mlinganyo uje mwisho. Na kwa shule yenye kishikwambi kimoja, hicho kioo kifanye kazi mbili tu. Kwanza, kuonyesha chembe, ambazo hakuna jicho linaloziona. Pili, kuonyesha kile ambacho mtu mmoja anakiona vizuri akisogea, ila sabini hawawezi kukizunguka kwa wakati mmoja.

Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow alieleza vizuri kwa nini kemia inawashinda wengi. Katika makala yake ya mwaka 1991 alionyesha kwamba somo hili lina ngazi tatu: ya mambo tunayoyaona na kuyashika, ya chembe, na ya alama na milinganyo. Sisi walimu tunaruka kutoka ngazi moja kwenda nyingine ndani ya sentensi moja bila kujua kwamba tumeruka. Tunasema chumvi imeyeyuka huku tukiangalia bika, tunasema ayoni zimetengana huku tukiziona kichwani mwetu wenyewe, na mkono tayari unaandika NaCl(aq) ubaoni. Mwanafunzi mgeni hana nafasi ya kubeba yote matatu kwa mara moja. Anaangusha mawili na kukariri moja, lile la ubaoni, kwa kuwa ndilo linalotoka kwenye mtihani. Video nyingi za mtandaoni zinafanya hivyo hivyo, tena kwa kasi zaidi.

Video zako usizitupe. Zima sauti, simulia wewe. Simamisha kabla tukio halijatokea, kila mmoja aandike kwenye daftari anachotarajia pamoja na sababu yake, ndipo uendelee. Waache wajadiliane kwa Kiswahili, na kama wawili wawili wananong'ona Kisukuma au Kizinza usiwakatize. Sentensi ya mwisho ndiyo iandikwe kwa Kiingereza, kama mtihani unavyotaka. Video ya dakika tatu ikitumika hivi inakula kipindi kizima, na ndivyo inavyotakiwa.

Nikupe mfano mmoja kwa ukamilifu: maji yanayochemka. Najua ni mada ya madarasa ya chini, lakini irudie kabla ya kufundisha ujazo wa mole moja ya gesi (mole ni kipimo cha kuhesabia chembe), kwa sababu huku ziwani inakupa kitu ambacho mwalimu wa Dar es Salaam hakipati. Chemsha maji kwenye bika, ning'iniza kipimajoto kisiguse kitako cha bika, na usitaje nyuzi 100. Mwite mwanafunzi asome. Atasoma 96 au 97, atakuangalia usoni, kisha ataandika 100 kwa sababu kitabu kimesema 100. Mwingine atasema kipimajoto ni kibovu. Hapo somo limeanza.

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 88, wakati pwani ni 101, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Baadhi ya simu zina kihisi cha kanieneo ndani yake. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani na kutolewa bure, inakusomea namba hiyo, na ukishaipakua haihitaji bando. Kama simu yako haina kihisi hicho, programu itakuambia. Basi tumia namba niliyokupa. Wanafunzi wakiona kipimajoto na simu vinakubaliana, lile wazo la kipimajoto kibovu linakufa lenyewe, nao wanajifunza kuandika walichokisoma badala ya walichotarajiwa kukisoma. Katika mtihani wa vitendo tabia hiyo moja ina thamani kubwa.

Sasa uliza swali gumu zaidi: ndani ya yale mapovu makubwa yanayopanda kuna nini? Wachore, kila mmoja peke yake, chembe zilizomo ndani ya povu moja. Utapata waliochora hewa, na utapata waliochora oksijeni upande huu na haidrojeni upande ule. Usishtuke. Osborne na Cosgrove walikutana na majibu haya haya kwa wanafunzi wa New Zealand wakayachapisha mwaka 1983. Video ya bika linalochemka haiwezi kuiondoa fikra hiyo, maana nayo inaonyesha povu lile lile. Hapa sasa simulesheni, yaani mfano unaotembea kwenye kompyuta, inastahili nafasi yake.

PhET ni mkusanyiko wa simulesheni za bure wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Nyingi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Fungua ile ya hali za maada, chagua maji, kisha pasha moto taratibu kwa kidole. Molekuli zinatetemeka, zinaachiana, zinatawanyika, lakini kila moja bado ni oksijeni moja na haidrojeni mbili zilizoshikana. Simamisha. Waambie warudi kwenye michoro yao ya povu wairekebishe kwa kalamu ya rangi nyingine, bila kuufuta ule wa kwanza. Baada ya hapo ndipo uandike ubaoni H₂O(l) → H₂O(g). Ukikusanya madaftari utaona kwa macho yako nani amebadilika na nani bado, bila kusubiri mtihani wa mwisho wa muhula.

Kisha ingia kwenye mole. Vitabu vinatoa dm³ 22.4 kwa nyuzi 0 na kanieneo ya angahewa 1, na dm³ 24 kwa joto la chumba. Wape kanuni za Boyle na Charles, wape nyuzi 25 na kilopaskali 88, wahesabu ya kwao. Watapata karibu dm³ 28. Mwanafunzi aliyekiona kipimajoto kikigoma kwenye 96 ataelewa kwamba hizi namba zina masharti yake. Ila wasisitizie kwamba kwenye mtihani watumie ujazo uliotolewa kwenye swali.

Kazi ya pili ya kioo naiona kwenye bureti, ule mrija wa titresheni wenye koki chini na sifuri juu, na hapa simu yako inatosha kabisa. Ifunge kwenye klampu ya stendi, kamera iwe sambamba na usawa wa maji. Nyuma ya bureti weka karatasi nyeupe yenye mstari mweusi mnene, na mstari huo ukae chini kidogo ya ule mpindo wa maji tunaouita meniskasi. Rusha picha ukutani. Kila mwanafunzi aandike anachosoma hadi desimali ya pili, bila kuuliza jirani. Kama jibu ni 17.60, utapata walioandika 17.6, na utapata walioandika 18.40 kwa kuhesabu kutoka chini kwenda juu. Makosa hayo yamekuwa yakifanyika siku zote mezani pao, wewe ukiwa upande wa pili wa maabara.

Sasa inua simu sentimita chache na uielekeze chini. Hakuna hata tone lililotoka, lakini namba ukutani imepungua. Ishushe chini ya usawa wa maji, namba inaongezeka. Kwenye silinda ya kupimia mambo ni kinyume, kwa sababu sifuri yake iko chini, na wapo wanafunzi wanaochanganya vyombo hivi viwili hadi wanamaliza shule. Kisha wafikirishe hivi: mwanafunzi mfupi amesimama mbele ya bureti iliyo juu ya meza. Sifuri iko juu ya macho yake, kwa hiyo usomaji wa mwanzo anautazama kwa chini na unazidi. Usomaji wa mwisho uko chini ya macho yake, anautazama kwa juu na unapungua. Akitoa usomaji wa mwanzo kwenye wa mwisho, makosa yote mawili yanavuta upande mmoja, na ujazo wake unakuwa mdogo kuliko wa kweli katika kila duru. Anapata namba zinazokubaliana vizuri kabisa, na zote si sahihi. Tiba yake haina gharama: aipandishe au aishushe bureti kwenye klampu mpaka usawa wa maji ufike machoni pake, mwanzo na mwisho.

Rangi ya MO (methyl orange, kiashiria cha titresheni), kwa upande mwingine, usiifundishe kwa projekta hata siku moja. Taa za projekta nyingi za shule zimechoka, na ule ukanda mwembamba kati ya njano na waridi hupotea ukutani. Andaa flaski tatu mezani, moja bado njano, moja iliyofika kwenye rangi ya chungwa, moja iliyopitiliza, na uwapange mstari wapite mbele yake.

Simu hiyo hiyo itumie kwenye jaribio la sodiamu thaiosalfeti na asidi ya hidrokloriki, lile la kusubiri alama ya X iliyochorwa chini ya flaski ipotee salfa inapotia ukungu. Shida yake unaijua: kila kundi lina kupotea kwake. Kamera ikae juu ya flaski, urefu ule ule na mwanga ule ule kwa duru zote, irekodi kuanzia asidi inapomiminwa. Darasa zima litazame video na kukubaliana X imepotea sekunde gani, wakisoma muda kwenye video yenyewe. Watabishana, na ubishi huo una faida, kwa sababu watalazimika kueleza wanatumia kigezo gani. Mtu atauliza kwa nini tunaongeza maji ili jumla ya ujazo isibadilike. Jibu lipo kwenye picha, kwani mchanganyiko wenye kina kirefu zaidi unaficha X mapema hata kama salfa iliyotokea kwa kila sentimita ya ujazo ni ile ile. Grafu ya 1/t (t ni muda wa X kupotea) dhidi ya ukolezi waichore kwanza kwa mkono, kwenye karatasi ya grafu, maana hivyo ndivyo watakavyotakiwa. Kishikwambi na programu ya majedwali vije baadaye kuhakiki, na kuwaonyesha mstari unavyohama ukiiondoa ile nukta moja iliyopotoka. Fungua madirisha yote, gesi ya salfa dioksidi inawasumbua sana wenye pumu.

Kuhusu bando, usilitumie darasani hata kidogo. Simulesheni za PhET za kizazi cha sasa zinapakuliwa kila moja kama faili moja dogo linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Siku ukivuka kwenda Mwanza mjini, tafuta sehemu yenye mtandao mzuri, pakua unazozihitaji kwa muhula mzima, weka kwenye flashi na uwagawie walimu wenzako. Kuna pia Kolibri, mfumo wa bure ulioundwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti: kompyuta moja inahifadhi masomo na kuyarusha kwa vifaa vingine vilivyo karibu. Kwako wewe mwenye kifaa kimoja bado si lazima, lakini ukisikia shule jirani inao, nenda ukauone. Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Siku projekta ikiwa kwa mwenzako, usiahirishe. Kipindi cha dakika 80 kinatosha makundi kumi kupokezana kishikwambi kwa dakika nane kila moja, mradi makundi mengine yana kazi ya mezani na swali moja lililoandikwa ambalo kishikwambi kitalijibu. Bila hilo swali watakichezea tu mpaka zamu iishe. Na kikae na chaji tangu jana yake, kwa sababu umeme tunaujua.

Kuna vitu ninavyotamani viishie kwenye kioo tu. Zebaki ni kimojawapo. Kanda yetu inapakana na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, na baadhi ya wanafunzi wako huenda wameona nyumbani mtu akichoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye sufuria. Waonyeshe video ya namna zebaki inavyokamata dhahabu na kugeuka mvuke, uwaeleze kwa lugha nyepesi kwamba mvuke huo hauonekani na unaharibu mfumo wa fahamu. Hapo kemia inaweza kuokoa mtu wa familia.

Simulesheni nazo zina hatari yake, na usipoisema hakuna atakayeisema. Atomi zimechorwa kama mipira ya rangi, na wapo watakaotoka wakiamini kwamba atomi moja ya klorini ni ya kijani. Kila unapofunga simulesheni, uliza: ni kitu gani hapa si cha kweli? Waache wataje wenyewe, rangi, ukubwa, idadi ya molekuli. Hatari nyingine ni ya kiutawala: shule ikishaona mole na titresheni vinapatikana kwenye kioo, mtu atasema kemikali za mwaka huu zisinunuliwe. Kataa kwa heshima lakini kwa msimamo. Karatasi ya vitendo ya Baraza la Mitihani inafanywa kwa mikono, na mikono haifundishwi na kioo.

Mradi mmoja unaoweza kuwapa wa likizo ni pH, yaani kiwango cha asidi au besi, ya maji ya ziwa. Chemsha choya kavu upate maji mekundu yanayobadilika rangi kwenye asidi na besi, tengeneza msururu wa chupa ndogo kuanzia ndimu na siki hadi magadi na maji ya majivu, upige picha zikiwa kwenye kivuli kimoja juu ya karatasi nyeupe. Picha hiyo ndiyo kipimo chao. Sampuli ya ziwa ya asubuhi na ya alasiri zipigwe picha pembeni ya msururu huo huo, maana kamera ya simu hubadilisha rangi mwanga ukibadilika. Penye mwani mwingi pH hupanda mchana, kwa kuwa mwani unatumia kaboni dioksidi iliyoyeyuka majini. Choya inaweza isitofautishe badiliko dogo, na hilo pia waliandike kama walivyoliona. Maji yachotwe kwa ndoo yenye kamba kutoka gatini au mtumbwini. Mwanafunzi asiingie majini kwa ajili ya kazi yako ya kemia, kichocho bado kipo kwenye fukwe zetu.

Akili mnemba hukuiuliza, ila nitaigusa kwa sababu itaingia darasani kwako upende usipende. Kwa kutunga maswali ya mazoezi inakuokolea muda. Kwa majibu, hesabu kila kitu upya kwa mkono. Mpe mwanafunzi swali la kuandaa myeyusho wa kopa salfeti, ule mrututu wa bluu, pamoja na jibu lililotolewa na programu, umwambie akague. Kama uzito wa mole umeandikwa 159.5, molekuli tano za maji zilizomo kwenye fuwele zimesahaulika, inatakiwa 249.5. Ukaguzi wa namna hiyo ni zoezi zuri hata jibu likiwa sahihi.

Kwa mkuu wa shule, usianze kwa kuomba vishikwambi zaidi. Omba klampu na stendi za ziada, pazia nzito za madirisha mawili ya mbele ili picha ionekane mchana, na kebo ya kuunganisha kishikwambi na projekta. Kabla kebo haijanunuliwa, chukua kishikwambi chenyewe ukijaribu dukani: si kila tundu la USB-C linatoa picha, hata kama kebo inaingia vizuri. Kama chako hakitoi, simulesheni zile zile zitafunguka kwenye kompyuta ya ofisi, na bureti utaionyesha kwa kupiga picha na kuihamisha kwa flashi.